Ndizi Ambazo Kemi Hakuzila

Mtoto wa miaka tisa hana kisukari. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia daktari, tena kwa sauti ya darasani, ile ninayoitumia kumkatiza mwanafunzi anayebahatisha jibu. Nilimwambia kisukari ni cha wazee wenye vitambi na wakubwa wa maofisini. Nilimtajia hadi mzee mmoja wa jumuiya yetu aliyekatwa mguu. Daktari, kijana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha kusoma, alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akanionyesha kile kimashine cha kupimia damu. Hakikuonyesha namba yoyote. Kilionyesha herufi mbili tu, na akanieleza maana yake: sukari ya mwanangu ilikuwa juu kuliko mashine inavyoweza kuhesabu.

Naandika haya Kemilembe akiwa mzima. Namsikia hapo nje akicheza rede na wenzake, na anabishana kuhusu nani ametoka. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenisukuma niandike kwa ajili ya wazazi wanaofika pale na nyuso kama nilizofika nazo mimi. Aliniambia nisieleze ugonjwa, maana huo wataelezwa na wenye kazi yao, bali nieleze yaliyotokea nyumbani, na nisijipambe. Basi sitajipamba.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Muleba, na mwaka ule nilikuwa na darasa la tatu. Mume wangu, Baba Kemi, anapima kahawa kwenye chama cha msingi. Tunaishi kwenye kibanja cha wakwe zangu, nyumba yetu ikiwa upande wa chini na ya wazee upande wa juu, katikati migomba. Kemi alikuwa mtoto wetu wa pekee, na mwaka ule alikuwa pia mwanafunzi wangu.

Somo lililonipatia jina pale shuleni lilikuwa la mahitaji na matakwa. Watoto walikuwa wanakuja bila kunywa hata uji, lakini mifukoni wana biskuti, pipi na zile barafu za rangi zinazoacha ulimi mwekundu. Meno yalikuwa yameoza, na ikifika saa nne wanasinzia. Nikaleta vikapu viwili darasani. Kimoja cha vitu ambavyo mwili unavihitaji, kingine cha vitu ambavyo mdomo unavitaka. Watoto walichora vitu kwenye vipande vya boksi na kuvitumbukiza: maji, ndizi, maharage, dagaa na usingizi huku, soda, pipi na keki kule. Ukinyoosha mkono kwangu kuomba kitu, ulijibu kwanza swali langu moja: unahitaji, au unataka tu?

Swali likapendwa. Wazazi wakalitumia nyumbani, mkuu wa shule akalisifia mbele ya wageni, nami nikavimba kichwa. Nyumbani kwangu lilikuwa sheria. Kemi alikuwa mwanafunzi wangu bora kabisa wa somo lile, kwa sababu hakuwa na ujanja. Wenzake walisema "nahitaji" kwa kila kitu. Yeye alikuwa anafikiri, anatazama juu kidogo, halafu anasema ukweli hata kama unamnyima. "Nataka tu, mama." Basi hapewi, na hanuni.

Pamoja na hilo nilimfundisha adabu ya kwetu, kama mama yangu alivyonifundisha mimi. Ukiwa kwa watu huombi chakula, na ukikaribishwa unasema umeshiba, kasinge, yaani asante, hata kama tumbo linanguruma. Mtoto anayedokoa au anayekodolea macho sahani za wenyeji humwaibisha mama yake. Mwanangu hakuwahi kuniaibisha.

Mambo yalianza mwezi wa saba, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye mikeka uwanja mzima. Kemi alianza kunywa maji sana. Nilidhani ni vumbi la kiangazi. Kisha akaanza kukojoa kitandani, mtoto aliyeacha tangu ana miaka mitatu. Nilimsema vibaya, nikamwekea sheria kwamba baada ya chakula cha jioni hakuna maji. Aliponiomba kikombe nilimuuliza lile swali. Akafikiri, akatazama juu. Akasema, "Nimeshakunywa vikombe vinne, mama. Nadhani nataka tu." Nikampongeza. Mungu anisamehe, nilimpongeza.

Alikonda. Sketi ya shule niliibana kwa pini, halafu kwa pini mbili. Zahanati walimpa dawa ya minyoo, na mara ya pili wakampa ya malaria. Bibi yake, Ma Leokadia, ndiye aliyeanika godoro kila asubuhi, na siku moja alisema sisimizi wamelijaa kuliko siku zote. Nikamwambia anyunyize majivu. Tulikuwa wanawake wawili tumesimama juu ya jibu, tukanyunyiza majivu tukaenda kuchambua kahawa.

Darasani ndoo ya maji ya kunawia mikono ikawa inakauka kabla ya mapumziko. Niliuliza nani anayachezea yale maji. Hakuna aliyejibu. Nikalipigisha magoti darasa zima, Kemi akiwemo, mstari wa pili karibu na dirisha.

Sasa nifike kwenye ndizi.

Baba mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Taata, anatengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi zake anaziivisha shimoni, zimefunikwa majani, siku tano au sita, na shimo likifunuliwa harufu yake tamu na nzito inafika hadi barabarani. Ndizi zile haziguswi na mtu mpaka siku ya kukamua. Kila mtoto wa ukoo analijua hilo kabla hajaijua Baba Yetu.

Jumamosi moja, mvua za vuli zikiwa ndiyo zinaanza, Kemi alishindwa kuamka. Alisema tumbo linamuuma, na alikuwa ametapika. Niliinama kumgusa paji la uso. Pumzi yake ilinuka ndizi mbivu, zile za shimoni hasa.

Sikushtuka. Nilikasirika. Kwa wiki mbili alikuwa anaangalia vitu vitamu kama mwenye njaa ya mwaka mzima, na hapa sasa palikuwa na ushahidi. Nilimuuliza kama amekula ndizi za Babu. Akasema, "Sikula, mama." Nikauliza tena na tena, kwa ukali unaoongezeka, naye kila mara akajibu hivyohivyo, taratibu, akihema kama aliyepanda mlima. Nilichoona mimi ni mwizi, tena mwongo. Nikamshika mkono nikampandisha hadi nyumba ya juu akaombe radhi.

Taata alikuwa barazani akitafuna kahawa. Kemi akapiga magoti mbele yake kama nilivyomwagiza. Mzee alimtazama muda mrefu, akasema kwamba katika ukoo huu amewahi kuona walevi na wavivu, lakini mtoto wa kuiba bado. Kisha akasema yaishe.

"Simama, umeshasamehewa," nikamwambia Kemi.

Hakusimama. Nikadhani ni kiburi. Nikarudia kwa sauti ya juu. Ndipo akaanguka kifudifudi, polepole, paji la uso likagusa miguu ya Babu yake, na alipogeuzwa macho yalikuwa wazi lakini hayatuoni.

Gari la jirani lilitufikisha hospitali ya Muleba, na gari la wagonjwa likatupeleka Bukoba. Njia nzima nilikuwa nimeshika mguu wake kwa sababu sehemu nyingine zote zilikuwa zimeshikwa na wengine. Pumzi ilikuwa ya haraka na nzito, na lile gari lote lilinuka ndizi mbivu. Huko ndiko nilikomwambia daktari mtoto wa miaka tisa hana kisukari.

Nilimuuliza pia kuhusu ile harufu. Akasema ni mwili wenyewe. Ukikosa kuitumia sukari, unaanza kujila, na pumzi inanuka matunda yaliyoiva. Aliyasema kwa upole, hakujua ananifanya nini. Nilitoka nje nikasimama kwenye ukuta wa veranda. Baba Kemi alikuwa hapo. Nilimwambia, "Hakuzila." Akauliza nini. "Ndizi. Hakuzila."

Hakunishika. Alikaa kwenye benchi akatazama viatu vyake. Siku ya pili, tukiwa tumekaa benchi lilelile, alisema maneno ambayo tulikuja kuyamaliza baada ya miezi mingi. "Wewe na maswali yako," alisema. Nilikuwa nimejiambia mabaya kuliko hayo, lakini yake ndiyo yaliyouma.

Kuhusu veranda ile niseme kitu. Mkeo au mtoto wako akilazwa, utajifunza kusoma milango. Muuguzi akitoka taratibu, hakuna jipya. Akitoka haraka, nyote mnasimama, kila mtu akijiombea asiwe wa kwake. Tulikuwa watu kama kumi tuliokaa pale, wa Muleba, wa Misenyi, wa visiwani, na tuligawana kila kitu, chupa ya chai, kanga ya kujifunika, hata rozari moja ilizunguka. Mwanamke mmoja ambaye mwanawe alifariki siku ya kwanza aliniachia beseni lake. Sijui jina lake mpaka leo, na beseni ninalo.

Siku ya tatu Kemi alinitambua. Midomo ilikuwa imepasuka, mikono imevimba kwa sindano za maji, na mbavu ungeweza kuzihesabu juu ya shuka. Jambo la kwanza alilosema lilikuwa kuungama.

"Mama, maji ya kunawia darasani nilikuwa nakunywa mimi."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia ana kiu kiasi hicho. Akatazama juu, vilevile kama siku zote anapotaka kusema kweli.

"Ulisema mahitaji yana mwisho, ukishapata yanatulia. Yangu hayakutulia. Nikajua ni matakwa."

Ni kweli nilisema hivyo. Liko kwenye maandalio ya somo, kwa mwandiko wangu. Mwanangu alikuwa anakauka kwa kiu na alijihukumu kwa somo langu, akajikuta na hatia, akanyamaza.

Tulikaa wadini mpaka mahindi ya watu yakawa yametokeza. Muuguzi, yule aliyekuja kunisukuma niandike, alinifundisha kuchoma sindano kwa kutumia chungwa. Mara ya kwanza ya kumchoma Kemi mwenyewe niliirudisha sindano mezani mara mbili, hadi yeye ndiye akanituliza. "Mama, kwani chungwa lililia?" Sindano asubuhi na sindano jioni, kila siku ya Mungu, na baada ya kila sindano lazima chakula, kwa wakati wake. Dawa haitaki joto. Kwetu friji hakuna, kwa hiyo Baba Kemi alichimba shimo nyuma ya jiko, akaweka chungu ndani ya mchanga tunaoumwagia maji kila siku. Alilichimba bila kunisemesha, lakini alilichimba vizuri.

Ma Leokadia hakuamini. Alisema ugonjwa wa wazee hauwezi kumpata mtoto bila mkono wa mtu, na alishafikiria mkono wa nani. Alitaka tumpeleke Kemi kwa mganga, sindano zipumzike kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimjibu mama mkwe nikiwa nimesimama. Nilimwambia siku sindano zitakapopumzika ndiyo siku tutakayomzika. Hatukusemezana hadi Novemba. Senene walipoanguka, alikuja na kapu zima ameshawachambua na kuwakaanga, akauliza kama hao nao mtoto amekatazwa. Nilimpigia muuguzi. Akacheka, akasema senene ale atakavyo. Ma Leokadia akakaa chini palepale akawa anamlisha mjukuu wake mmoja mmoja, na ugomvi ukaishia hapo bila mtu kuutaja.

Kila mwezi tulikwenda kliniki Bukoba. Benchi la kisukari ni benchi la wazee. Walimuuliza Kemi amemsindikiza nani, naye akazoea kujibu kwamba amejisindikiza mwenyewe. Dawa tukishaipata, tukisubiri gari tuliiacha kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka karibu na soko, mmoja wa wachache waliobaki mjini. Aliiweka kwenye friji lake kati ya chupa za soda, na hakuwahi kutuuliza tumenunua nini. Mara ya kwanza Kemi alisimama mbele ya kioo cha friji akaitazama dawa yake imezungukwa na soda. "Zimekaa kikapu kimoja," akasema. Nilicheka, mara ya kwanza tangu vuli ianze.

Sikujua bado kwamba alichosema ndicho somo lenyewe.

Desemba, siku moja kabla ya kliniki, tulilala kwa dada yangu anayeishi Kibeta, palepale Bukoba. Jioni ilipofika nilimchoma Kemi sindano kwa saa yake kama nilivyofundishwa. Chakula kilikuwa jikoni, ndizi zinakaribia. Ndipo wakaingia wageni wa shemeji, watu wazito wa parokia, na kama ilivyo kwetu chakula kikasubiri mazungumzo. Nilikuwa jikoni namsaidia dada. Kemi alikuwa sebuleni, amekaa kwenye mkeka, miguu imekunjwa, adabu tupu. Baadaye niliambiwa kwamba mgeni mmoja alimwona anatoka jasho, akamkaribisha kipande cha muhogo kutoka sahani ya kwanza iliyoletwa. Kemi akajibu, "Nimeshiba, kasinge waitu." Mgeni akamsifia. Akamkaribisha tena, akajibiwa vilevile, kwa sauti kama ya mlevi.

Nilipofika na sinia alikuwa amelala ubavu, wageni wakidhani usingizi umemchukua mtoto. Nguo zilikuwa zimelowa jasho. Nilimwita, meno yalikuwa yamekazana. Safari hii sukari ilikuwa imeshuka, karibu imalizike kabisa, na nilikuwa nimeambiwa siku nyingi kwamba kushuka kunaua haraka kuliko kupanda. Nilichota sukari kwenye bakuli la wageni, nikailowesha, nikampaka ndani ya shavu kwa kidole, kidogo kidogo, nikiwa nimemlaza ubavu, nikimtaja kila mtakatifu niliyemkumbuka. Alipofumbua macho aliwaona wale wageni wamesimama wote, akaona aibu, akasema, "Samahani."

Mtoto alikuwa anakufa kwa adabu. Adabu yangu. Mara mbili ndani ya nusu mwaka mwanangu alikuwa amefika mlangoni pa kifo, na mara zote mbili alifika kwa kunitii.

Kemi alipolala, dada aliniuliza sasa nitafanya nini. Sikujua. Daktari anaweza kukupa sindano na chungwa, lakini nani angenifundisha namna ya kumfunza upya mtoto ambaye tayari alikuwa amejifunza vizuri kupita kiasi?

Tulianza Januari. Nilirudisha vile vikapu nyumbani, nikamwomba anisahihishie somo langu. Kipande cha soda kilikuwa kwenye matakwa. Nikamuuliza kingepaswa kuwa wapi siku ile ya Kibeta. Akakitoa akakihamishia upande wa pili, halafu akabaki amekishika. "Lakini leo si hitaji," akasema. Tukakaa na hilo. Hatimaye tulitupa vikapu vyote viwili tukabaki na maswali ambayo ni yeye tu angeweza kuyajibu: mikono inatetemeka? Jasho linatoka bila jua? Maneno yanakuwa mazito? Mwili wako unasema nini, si mwalimu wako. Nilimwambia akisikia lolote kati ya hayo aseme, popote, mbele ya yeyote, hata padre akiwa anahubiri.

Aliitikia. Lakini kuitikia ni kazi rahisi. Masika nzima ikapita, na mara kadhaa nilimkuta ameinama kwenye dawati, ameshika kipande cha sukari nilichomfungia kwenye leso, anajadiliana na nafsi yake kama ni hitaji au anataka tu. Nilikuwa namkimbilia. Nilianza kuamini kwamba maisha yake yote itabidi kuwe na mtu wa kumkimbilia, na mimi sitakuwepo maisha yake yote.

Mwezi wa saba ukarudi, na kahawa kwenye mikeka. Taata alifunua shimo lake. Siku ya kukamua ni siku ya wanaume: ndizi zinamwagwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, zinakanyagwa kwa miguu, maji yake matamu, ambayo bado si pombe, yanachujwa, na wa kwanza kuonja ni mwenye kibanja. Wanawake tunapita mbali na shughuli zetu, na mtoto wa kike hana la kufanya pale. Tangu ile Jumamosi ya kuomba radhi Kemi alikuwa halikaribii kabisa lile shimo. Hata njia alizunguka.

Nilikuwa nageuza kahawa uwanjani nilipomwona anatoka nyumbani. Alikuwa anatembea kwa miguu mizito, akishika mgomba huu na ule. Niliacha reki nikaanza kukimbia, kisha sijui nini kilinisimamisha. Alikuwa haji kwangu. Alikuwa anakwenda kwa wanaume.

Alipita katikati yao. Mmoja akamuuliza kwa Kihaya anatafuta nini, hakujibu. Akafika mbele ya Taata, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda na kikombe chake cha kwanza mkononi, bado hajakitia mdomoni. Hakupiga magoti, maana nadhani angeanguka.

"Babu, nahitaji hicho. Sasa hivi."

Hakuna mtu kwetu anayemwambia mzee vile. Kanyaga-kanyaga ilisimama. Taata alimtazama usoni, akaona lile jasho, na huyu alikuwa mtu ambaye paji la uso la mtoto huyu liliwahi kuangukia miguuni pake. Alimpa kikombe kwa mikono miwili. Kemi alikunywa chote. Mzee akamvuta, akamkalisha juu ya nyasi karibu naye, akamwagiza mtu akimbie kwa Ma Leokadia alete ndizi za kupikwa. Kukanyaga hakukuendelea mpaka mikono ya mtoto ilipotulia.

Nilikuwa nimeshafika, nimesimama pembeni nikihema.

Taata akachota tena, akajaza hadi ukingoni. Povu lilikuwa juu, na harufu ile ilikuwa imetuzunguka sote. "Ongeza, mke wangu," akamwambia. "Leo hakuna wa kukukataza."

Kemi alikipokea. Midomo yake ilikuwa bado inang'aa. Akatazama juu, akafikiri, kisha akamrudishia.

"Hapana, Babu. Hiki sasa nataka tu."

Mzee alikishika kile kikombe bila kukinywa. Akanitazama mimi. "Mwalimu," akasema, "mtoto huyu hasemi uongo."

"Hasemi, Taata," nikajibu. "Hata siku ile hakusema."

Nilikuwa nimemwomba Kemi msamaha hospitalini, ndani ya shuka, kwa kunong'ona. Lakini kosa nilikuwa nimelifanya mbele ya mzee, kwa sauti. Kwa hiyo nikapiga magoti palepale, mbele ya wanaume wote, kwenye zile nyasi zilizokamuliwa, nikamwambia mwanangu kwamba siku ile alisema kweli na mimi sikumwamini, na kwamba naomba radhi. Kwetu mama hampigii mtoto magoti. Nilisikia mtu akiguna. Taata aliinamisha kichwa, naye akasema, kwa Kihaya, kwamba ndizi zake zilikuwa zimetimia siku ile, na alijua, kwa maana alizihesabu jioni yake.

Kemi alitutazama wote wawili, mwalimu na mzee, kwa uso wa mtu anayeona aibu kwa niaba ya wakubwa.

"Mama, simama," akasema. "Unalowa."

Nilisimama. Gauni lilikuwa limenata magotini kwa maji ya ndizi, na hatujafika hata katikati ya migomba sisimizi walikuwa wameshaanza kunipanda.